Mchango Aliofichwa Telesfori

Kashaulili, Mpanda
4 Februari 1996

Shemeji Wilbert,

Pokea salamu zetu. Huku tunaendelea vizuri. Mariana anakwenda shule, mvua inanyesha na mahindi yamefika kiunoni. Kaka yako naye ni mzima, ukiacha ule mguu.

Nakuandikia bila yeye kujua, kwa hiyo ukijibu tumia anwani ya parokia, kwa jina la Mama Pudensiana. Yeye ni kiongozi wa akina mama kanisani, na barua atanipa mkononi.

Jeraha limefunga. Daktari alisema wiki iliyopita kwamba kwa kuwa mguu ulikatwa chini ya goti, Telesfori anaweza kuvaa wa bandia na kutembea bila magongo. Hapa kwetu hawatengenezi. Wanatengeneza huko Dar es Salaam, na inabidi mgonjwa akae muda, apimwe, afundishwe kutembea upya. Inatakiwa nauli ya treni, gharama ya mguu na chakula cha huko. Unajua sisi tulikuwa tunaishi kwa asali. Tangu aanguke kwenye mti kule Ugalla mwezi wa kumi na moja, mizinga yake iko juu ya miti na hakuna anayeirina.

Nilimwambia tuombe watu watuchangie. Akasema hapana. Nikamwuliza kwa nini, akawasha redio. Sababu moja naijua. Wiki chache zilizopita nilimpeleka sokoni, kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Nilimwacha kwenye baraza la duka, mimi nikaenda kununua chumvi. Jua lilikuwa kali, akavua kofia akaiweka pembeni. Niliporudi nikakuta sarafu ndani ya kofia. Mama mmoja alikuwa amepita, akaona mtu mwenye magongo na kofia chini, akatoa alichokuwa nacho. Hakuwa na nia mbaya. Kaka yako alisema tu, "Mama Mariana, twende nyumbani." Tangu siku hiyo hajavuka ua. Anasuka kamba za vitanda na kusikiliza redio.

Nakuomba wewe kwa sababu wewe ni mdogo wake. Kwako hataona kwamba ameomba.

Shemeji yako,
Dorika


Tandika, Dar es Salaam
18 Februari 1996

Shemeji Dorika,

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kisha nikakaa siku kadhaa kabla ya kujibu kwa sababu sikutaka kukudanganya. Sina kitu. Kiwanda hakijatulipa tangu Novemba, na mashine nusu zimesimama. Jumapili nauza mitumba ili nipate chakula. Chumba ninacho, kaka akija atalala kwangu na tutakula tutakachopata. Zaidi ya hapo siwezi.

Lakini nina wazo. Hapa mjini mtu akitaka kuoza mtoto au kuuguza, anaitisha mchango. Anachapisha kadi, anagawa kwa jamaa na majirani, na mwenye kadi anaona aibu kuirudisha tupu. Nimemwomba rafiki yangu wa kiwanda cha uchapaji akanitengenezea kadi thelathini, nimezitia humu. Zimeandikwa jina la kaka, tatizo lake, na mahali pa kupeleka mchango.

Kwa upande wa kaka, mwambie pesa natuma mimi. Mwambie kiwanda kimenipa mkopo. Akiniandikia nitajibu hivyo hivyo. Uongo huu naubeba mimi.

Msalimie Mariana.

Wilbert


Kashaulili
17 Machi 1996

Shemeji Wilbert,

Kadi zako ni nzuri sana. Niligawa zote na hazikuleta kitu. Mwenye duka mmoja ameiweka yake kwenye kioo, karibu na kalenda. Wengine walidhani ni ya harusi, wakaniuliza bwana harusi ni nani.

Mama Pudensiana aliniambia, "Dorika, karatasi haina macho. Hapa mtu anatoa akikuona unavyosema." Nikamwambia mimi sijawahi kusimama mbele ya watu. Akasema basi nitaanza.

Nimeanza. Padri alinipa nafasi baada ya Misa, siku ambayo Telesfori alibaki nyumbani, na siku zote anabaki nyumbani. Imamu naye alitangaza baada ya swala ya Ijumaa, nikasimama nje na kitambaa kichwani watu wakitoka. Nakwenda kwenye mashine ya kusaga asubuhi, foleni ikiwa ndefu, kwa sababu mtu anayesubiri unga hana pa kukimbilia. Mrundi mmoja, Révérien, analeta maharage kwa baiskeli kutoka Mishamo. Yeye amebeba habari hii kijiji kwa kijiji huko kwenye makazi ya wakimbizi, na juzi aliniletea debe la mahindi kutoka kwa watu nisiowajua. Nimesimama hata kwenye mnada wa ng'ombe, juu ya mkokoteni, katikati ya Wasukuma na fimbo zao. Miguu ilitetemeka mpaka nikashika ubao.

Kila mahali namalizia kwa maneno yale yale: naomba Telesfori asisikie. Watu wanakubali, wengine wanacheka kidogo. Kwa sasa mji mzima unajua isipokuwa nyumba yangu.

Vitu vyote anatunza Mama Pudensiana. Vinakuja pole pole. Kaka yako nimemwambia unatuma wewe. Aliomba kalamu. Nadhani utapata barua yake.

Anadhani ninapotoka nakwenda kuuza vitumbua. Kwa hiyo inabidi kweli nipike vitumbua.

Dorika


Kashaulili
31 Machi 1996

Mdogo wangu Wilbert,

Mama Mariana ameniambia unayoyafanya. Sikujua kwamba kiwanda chenu kinakopesha watu hivyo. Nashukuru. Sipendi kushukuru kwa barua, lakini kutembea hadi Dar es Salaam siwezi, kama unavyojua.

Nataka tuelewane. Huu si msaada, ni deni. Nikisimama nitarudi Ugalla kwa mizinga yangu, na asali ya kwanza ni yako.

Kuna jambo nataka kukuuliza kama mwanamume. Shemeji yako anatoka sana siku hizi. Anasema anauza vitumbua. Anatoka na beseni dogo na anarudi jioni, na vitumbua vingine vimo bado, vimekauka. Nikimwuliza biashara ilikuwaje anasema nzuri. Majirani wakipita hapa wananisalimia kwa sauti ya kuzidi, kama mtu anayesalimia mgonjwa wa akili. Kuna kitu. Kama amekuandikia lolote, niambie.

Kaka yako,
Telesfori Ngolo


Tandika
14 Aprili 1996

Shemeji Dorika,

Kaka ameniandikia. Nimemjibu kwamba biashara ya vitumbua ni ngumu kila mahali, na kwamba mkopo wa kiwanda upo. Sijui kama ameamini. Anaona mengi kutoka hapo kwenye kiti.

Nina habari njema. Niliona mnahangaika, nikapata njia ya kuwafikia watu wengi kwa mara moja. Nimekwenda redioni na kulipia tangazo dogo. Litasomwa Jumanne ya tarehe 30, mchana, baada ya taarifa ya habari. Linasema Telesfori Ngolo wa Mpanda, mrina asali aliyekatwa mguu, anaomba msaada wa wasamaria, na linataja parokia. Limenigharimu viatu vyangu vya Jumapili, lakini usijali.

Wilbert


Kashaulili
5 Mei 1996

Shemeji,

Barua yako ilifika Jumatatu tarehe 29 jioni. Naomba uelewe maana yake. Kaka yako hana kitu kingine cha kufanya mchana ila kusuka kamba na kusikiliza redio. Taarifa ya habari haimpiti. Wewe ulipeleka jina lake huko huko.

Asubuhi ya Jumanne alipokwenda kuoga nilitoa betri mpya kwenye redio nikatia za zamani. Mchana aliwasha, ikakoroma, ikazima. Akazitoa, akaziweka juani kwenye bati, akazirudisha. Ikasema "Hapa ni" halafu ikanyamaza. Mimi nilikuwa napepeta mchele. Aliniambia, "Betri za siku hizi hazina maisha." Nikasema ndiyo.

Jirani zetu wa ng'ambo ya njia walikuwa wanasikiliza. Walipunguza sauti wenyewe. Nilisikia walivyopunguza.

Sina hasira tena sasa, nakuandikia tu ujue. Tangazo limesaidia. Walikuja watu parokiani kutoka hata Karema, kule ziwani, na gunia la dagaa. Mama Pudensiana anasema tumepita nusu. Ila usinunue tangazo lingine.

Naona nachoka kusema. Nikisimama nasema mume wangu ni mtu mwema, ana shida, anahitaji mguu. Watu wanatikisa kichwa. Wengi wanatoa kwa huruma kwangu, na wengine wanaondoka. Sina kingine cha kusema kwa sababu yeye mwenyewe hajawahi kunisimulia alivyoanguka.

Dorika


Kashaulili
12 Mei 1996

Wilbert,

Unasema uongo vibaya hata kwa maandishi. Kiwanda hakikopeshi mtu. Soma hii, halafu usimwambie shemeji yako.

Jumamosi, yeye akiwa ametoka na beseni lake, alikuja mtu na ndama kwenye kamba. Msukuma, anaitwa Mabula. Akasimama mlangoni akauliza, "Hapa ndipo kwa yule mwenye mguu?"

Nikamwambia, "Ndipo. Ila ninao mmoja."

Akacheka, akakaa. Akasema, "Mke wako alisema na sisi mnadani. Siku ile nilikuwa sijauza. Sasa nimeuza. Huyu ni wako."

"Alisema nini?"

"Kwamba wewe ni mtu mwema na unatafuta mguu."

"Na wewe umetoa ndama kwa hilo?"

"Hapana. Watu wema ni wengi. Nimetoa kwa sababu mama alikuwa anatetemeka na hakushuka kwenye mkokoteni."

Kisha akanitazama usoni, akasema, "Kumbe hukujua."

Nikamwambia sasa najua. Nikamwelekeza kwa Mama Pudensiana, nikamwomba asiseme kwamba alinikuta. Aliondoka na ndama wake, na mimi nikabaki.

Siku mbili sikula vizuri. Nilisema tumbo. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, na hayakuwa mazuri. Nimeombewa soko zima na msikiti na mnada, nikiwa nimekaa hapa nasuka kamba na kushukuru kiwanda chako.

Jumatatu jioni alikuwa jikoni na mimi niko upande wa pili wa ukuta. Alikuwa anafanya mazoezi. Anaongea na sufuria, pole pole, anakosea, anarudia. Anasema nilianguka kwa sababu tawi lilikatika. Tawi halikukatika. Sijawahi kukanyaga tawi bovu tangu utoto. Kamba ya gome niliyopandia mti ndiyo iliyolegea kwa kulowa mvua. Nilitaka kumwambia hivyo kupitia ukutani.

Sasa sijui nifanye nini. Nikimwambia najua, ataacha, na ataona amenikosea. Nikinyamaza, ataendelea kusema tawi.

Telesfori


Tandika
26 Mei 1996

Kaka,

Nisamehe kwa kiwanda. Sitasema kitu.

Lakini niruhusu niseme moja. Nyie wawili mnalala chumba kimoja, na mnaandikiana kupitia Dar es Salaam. Kama kamba ndiyo iliyolegea, mwambie kamba ndiyo iliyolegea. Hapo hujasema kwamba unajua lolote.

Wilbert


Kashaulili
16 Juni 1996

Shemeji Wilbert,

Kuna jambo limetokea, na sijui kama ni zuri.

Kaka yako ameanza kusimulia. Kama wiki mbili hivi zilizopita, tukiwa tunakula, alisema bila kuulizwa, "Unajua, siku ile tawi halikukatika." Akaniambia habari ya kamba. Kesho yake akanieleza nyuki, kwamba walipotoka walikuwa wamelewa moshi na hawakumuuma hata mmoja, walimtambalia tu usoni akiwa chini na hakuweza kuinua mkono. Siku nyingine akasema alivyosikia mguu ukivunjika kabla ya kuhisi maumivu. Anasimulia taratibu, kama mtu anayemwandikisha mwanafunzi imla. Siku moja alijikatiza akaniuliza, "Umelipata hilo la nyuki?" Nikasema nimelipata.

Nilikwenda Mishamo na Révérien, nimekaa nyuma ya baiskeli mpaka nikafa ganzi. Huko nikasema habari ya kamba na nyuki. Shemeji, hakuna aliyeondoka. Mama mmoja alitoa kanga aliyojifunga, akabaki na ya ndani. Nilirudi na mahindi, maharage, na aibu. Nilijiona mwizi. Mume wangu ananifungulia moyo baada ya miezi yote hii, na mimi nayabeba maneno yake kwenda kuyauza.

Halafu juzi aliniambia lililobaki. Alilala pale chini tangu asubuhi. Jioni walipita watu wawili na baiskeli. Aliwaita. Mmoja akasimama, wakatazamana, kisha wakaondoka. Walikuwa wamebeba nyama ya porini. Wangemfikisha hospitali wangeulizwa walikuwa wanatafuta nini msituni. Mrina asali mwingine ndiye aliyemkuta kesho yake, na daktari alisema kama angefika mapema mguu pengine ungepona.

Mmoja wa wale wawili anamjua. Aliniambia jina. Na mimi namjua, tunasalimiana sokoni kila wiki. Sitakuandikia ni nani.

Alipomaliza nilidhani atalia. Hakulia. Aliomba maji ya kunawa.

Hili sitalisema popote. Lingeleta pesa, najua, watu hutoa haraka wakiwa na hasira. Lakini yule mtu ana mke na watoto hapa hapa Kashaulili, na mji wetu ni mdogo. Mama Pudensiana anasema bado tunapungukiwa nauli na sehemu ya mguu. Nitasimama mara moja tena mnadani, mwisho wa mwezi. Kikikosekana hapo, basi.

Dorika


Kashaulili
1 Julai 1996

Shemeji Wilbert,

Nakuandikia asubuhi na mapema, wengine wamelala. Nisipoandika sasa nitasahau mpangilio.

Mnada ulikuwa jana. Watu walikuwa wengi, ng'ombe wengi, vumbi. Nilipanda mkokoteni nikaanza. Nikasema habari ya mizinga ya Ugalla, nikasema mvua, nikafika kwenye kamba. Hapo nikamwona. Yule mtu. Alikuwa amesimama karibu kabisa, ameshika baiskeli yake, ananisikiliza kama wengine. Na kinachofuata baada ya kamba ni nyuki, na baada ya nyuki ni yeye. Ulimi ulikwama. Watu wakaanza kunong'ona, wengine wakageukia ng'ombe.

Ndipo nikasikia mkokoteni mwingine unakuja, unasukuma watu. Aliyekuwa anaswaga ng'ombe ni Msukuma mrefu nisiyemjua. Nyuma yake amekaa Telesfori, amevaa shati la harusi yetu, magongo mapajani.

Sikuwa na pa kujificha, shemeji. Nilikuwa juu, wote wananiona.

Mkokoteni ukasimama ubavuni mwa wangu. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama tuko jikoni, "Umeishia wapi?"

Nikasema, "Kwenye kamba."

Akasema, "Basi niachie hapo."

Akasimama kwa magongo yake juu ya mkokoteni. Alisema habari ya nyuki. Watu walirudi kutoka kwenye ng'ombe. Kisha akasema hivi, nayakumbuka yote:

"Jioni walipita watu. Niliwaita. Walinisikia, wakaenda zao. Tangu siku ile nilisema sitamwita mtu tena. Mke wangu akawa ananiitia, na mimi sikujua. Sasa nimekuja mwenyewe. Mimi ni Telesfori Ngolo, nina mguu mmoja, nataka wa pili. Leo naita."

Hakutaja jina. Hakumtazama hata mara moja. Mimi nilimtazama. Alikuwa ameinama, anabonyeza gurudumu la baiskeli kama anayepima upepo, na gurudumu lilikuwa zima.

Wilbert, sijawahi kuona watu wanatoa vile. Mbuzi, kuku, vitenge, noti zilizokunjwa mpaka zimekuwa kama punje. Mama Pudensiana aliishiwa pa kuweka, akatandika kanga. Mwishoni, watu wakipungua, yule mtu alikuja. Akaisukuma baiskeli mpaka penye vitu, akaisimamisha kwa stendi yake, akaondoka kwa miguu. Mama Pudensiana alimwita, "Baba, tuandike jina gani?" Akasema bila kugeuka, "Msiandike."

Mama Pudensiana hajui lolote. Alisema tu, "Huyu ana moyo." Nikamtazama Telesfori. Nilitaka kusema tusiichukue. Yeye akatikisa kichwa, akasema, "Iuzeni. Inatosha nauli."

Tulirudi nyumbani kwa mkokoteni. Nilipokuwa nawasha moto nikamwuliza amejua tangu lini. Akasema tangu ndama. Nikamwuliza ndama gani. Hapo ndipo aliposimulia yote, hata kwamba yule Msukuma wa mkokoteni ndiye Mabula mwenye ndama, na ndipo nilipofahamu kwamba wewe pia ulijua. Zaidi ya mwezi mzima, shemeji. Nilikuandikia kwamba naona aibu, na wewe unajua kwamba ananisomesha makusudi.

Nilikasirika mpaka ugali ukaungua. Kisha yeye akacheka, ndiyo mara yake ya kwanza tangu Novemba, na mimi nikashindwa kuendelea.

Anapanda treni wiki ijayo. Mpokee. Kwenye ngazi za behewa usimshike mpaka aseme mwenyewe.

Dorika


Tandika
18 Agosti 1996

Shemeji Dorika,

Kaka anaendelea vizuri. Mguu umekwisha tengenezwa, wa mbao na ngozi, una mikanda miwili. Siku ya kwanza aliuvaa akasema unabana, ya pili akasema unalegea, ya tatu fundi akamwambia, "Mzee, mguu ni huo huo, wewe ndiye unayebadilika." Tangu hapo wamekuwa marafiki. Kila siku anatembea katikati ya vyuma viwili, anafika mwisho, anageuka.

Alipofika aliona chumba changu na sufuria yangu moja. Hakusema kitu kuhusu mkopo. Kesho yake alianza kusuka kamba za vitanda na kuziuza kwa jirani zangu, na sasa yeye ndiye anayenilisha.

Nikuambie la juzi. Tulikuwa tunavuka barabara kubwa, mimi nimetangulia kama alivyoniagiza, nisimwangalie. Katikati ya barabara nikasikia, "Wilbert! Njoo unishike!" Kwa sauti kubwa, magari yamesimama, watu wote wamegeuka. Nilirudi mbio. Nikamshika, tukavuka. Upande wa pili alipumua, akasema, "Mkanda ulifyatuka." Akaukaza, tukaendelea na safari. Mimi nilitembea hatua kadhaa kabla sijafahamu nimesikia nini. Kaka yangu tangu tukiwa watoto hajawahi kuniita nimsaidie jambo lolote.

Anasema mwenyewe atakuandikia.

Wilbert


Tandika, Dar es Salaam
15 Septemba 1996

Mama Mariana,

Hii ni barua ya kwanza nakuandikia tangu tuoane, kwa sababu hatujawahi kuwa mbali. Usishangae mwandiko. Ni ule ule uliokuwa unapita hapo kwenda kwa Wilbert, ila safari hii unakuja kwako.

Wameniruhusu. Natembea kwa fimbo moja, na kwenye tambarare naiacha. Kushuka bado nachechemea. Kupanda mti fundi amekataa, lakini hajui miti yetu.

Nimepata barua ya Mama Pudensiana. Anasema watu wanauliza nakuja lini. Mabula ataleta wachezaji wa ngoma stesheni. Padri anataka nitembee kutoka mlangoni mpaka mbele siku ya Misa, na imamu ameomba nipite kumsalimu. Révérien anakuja na watu wa Mishamo kwa baiskeli. Wote wanataka kuona mguu. Wana haki, ni wao walioununua. Sikatai.

Lakini nimefikiri sana juu ya jambo hili. Mwaka huu wote habari zangu zimekuwa za watu wengi, na umefanya vizuri kuzisema. Sasa nataka moja isiyotangazwa.

Waambie watu nakuja na treni ya Jumapili, tarehe sita Oktoba. Mwambie Mama Pudensiana hivyo hivyo, ili kama atasema uongo, aseme bila kujua. Mimi nitashuka Alhamisi, tarehe tatu. Njoo peke yako. Mariana mlete kama anaweza kunyamaza siku tatu.

Usinikimbilie. Simama mwisho wa jukwaa la stesheni, pale kwenye tangi la maji, unitazame nikija. Tutapita njia ya nyuma mpaka nyumbani.

Jumapili nitakwenda stesheni na wewe, nitembee mbele ya watu kadiri watakavyotaka. Alhamisi ni yetu.

Mumeo,
Telesfori